Mtu wa Mita 30

Kwa miaka minne nimejulikana kama "yule wa mita 30", na sijawahi hata siku moja kudai kwamba mnara ule ulikuwa na urefu wa mita 30. Namba hiyo niliiandika mara moja tu, ndani ya mfano, na mbele yake niliweka neno "tuseme". Neno hilo halikumfikia mtu. Ilifika namba peke yake.

Mabishano yalianza na picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mnara uliobomolewa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mbele ya mlango wa mnara amesimama mwanamume mwenye kofia, mikono ameificha nyuma. Kushoto kuna ukuta wa matofali unaoanzia karibu na kamera na kukimbilia mbali. Michoro ya ujenzi haikubaki. Tulikuwa watu kama 15, wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso, tulioandikiana kuhusu majengo yaliyopotea, na kila mmoja wetu alikuwa na nakala ya picha ile kwa ukubwa uleule. Swali lilikuwa jepesi kulitamka: mnara huu ulikuwa na urefu gani?

Wa kwanza kujibu alikuwa mkubwa wetu kwa umri, tuliyemwita Mzee. Aliweka rula juu ya picha, akampima yule mwanamume, akaupima mnara, akakuta mnara ni mtu mara 14. Akampa mtu mita 1.7, akazidisha, akapata 23.8. "Mita 24," akaandika. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Nilimjibu siku hiyohiyo, na jibu langu ndilo chanzo cha yote yaliyofuata. Lilianza hivi: "Huwezi kupima hivyo." Kisha nikaeleza sababu. Ukitazama vizuri, nyayo za yule mwanamume ziko chini kidogo kuliko kitako cha mnara. Uwanja ni tambarare, kwa hiyo kilicho chini zaidi pichani ndicho kilicho karibu zaidi na kamera. Mtu yule hakuegemea mlango, alisimama mbele yake, na kitu kilicho karibu huonekana kikubwa kuliko kilivyostahili. Halafu nikatoa mfano wangu: tuseme kamera ilikuwa mita 60 kutoka mnarani, na mtu alisimama mita 12 mbele ya mnara, yaani mita 48 kutoka kwenye kamera. Hapo ataonekana mkubwa mara 1.25 kuliko angeonekana akiwa ameegemea ukuta, na mnara utakuwa karibu mita 30, wala si 24.

Hesabu ni sahihi mpaka leo. Lakini kufikia jioni ya siku ile palikuwa na kambi mbili: ya mita 24 na ya mita 30. Ya pili ilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa anaamini kwamba mnara ulikuwa na mita 30.

Niliandika kusahihisha. Nilisema 60 na 12 ni namba za kubuni, nimezichagua kwa sababu zinagawanyika vizuri. Jibu nililopata lilikuwa kwamba sasa narudi nyuma. Nikasahihisha tena, kwa maneno mengi zaidi, na kadiri nilivyoandika ndivyo nilivyoonekana mtu anayejitetea. Nimejifunza kwa uchungu kwamba namba ya mfano haipaswi kufanana na jibu linaloweza kuwa kweli. Siku hizi nikitoa mfano wa namna hii natumia mnara wa mita 100 au kibiriti kilichosimamishwa mezani, kitu ambacho hakuna atakayekibeba na kwenda kukinukuu kama dai langu kuhusu jengo tunalolijadili.

Lakini lililoniumiza zaidi halikuwa hilo. Ile sentensi yangu ya kwanza, "Huwezi kupima hivyo", ilianza kunukuliwa bila neno la mwisho. "Hivyo" likaanguka njiani, ikabaki "Huwezi kupima". Na hapo wakajitokeza watu walionipongeza. Walikuwa wanaamini kwamba picha haiwezi kueleza ukubwa wa chochote, kwamba kila anayepima kwa picha anabahatisha, nao wakaniona mwenzao. Mmoja wao alitaja picha maarufu, iliyochapishwa mwaka 1934, ya mnyama anayesimuliwa kuishi katika Loch Ness, ziwa la Scotland. Ilidhaniwa kwa miongo mingi kuwa shingo ya mnyama mkubwa, mpaka mwaka 1994 ilipofichuliwa kwamba ni nyambizi ya kuchezea iliyowekewa shingo ya kuunda. "Umeona?" akaniandikia. "Picha hudanganya. Uko sahihi, ndugu yangu."

Sikuwa sahihi kwa namna aliyodhani yeye, na nilipaswa kumwambia hapohapo. Picha ile ya Loch Ness ilijulikana zaidi kwa kipande kilichokatwa pembeni. Katika picha pana zaidi, kile kitu kinaonekana kidogo katikati ya maji mengi, na viwimbi vinavyokizunguka vinampa mtazamaji makini fununu ya ukubwa wake. Kilichopotosha ni mkasi, pamoja na hamu ya watu ya kuona mnyama. Lakini sikuandika hivyo. Nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu, na pongezi, hata za makosa, zina joto lake. Nikanyamaza. Kimya kile kilinigharimu zaidi ya mfano wa mita 30, kwa sababu tangu hapo Mzee na wenzake walikuwa na haki ya kuniweka kambi moja na wale.

Mimi naamini sana upimaji kwa picha. Sikuingia katika mambo haya kwa kupita njia. Mwaka 1858, mjenzi kijana wa Kijerumani, Albrecht Meydenbauer, alikuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar kwa mkono, akaponea chupuchupu kuanguka kutoka juu. Baada ya tukio hilo alianza kuwaza: kwa nini nipande ukuta, ilhali picha inaweza kuubeba ukuta wote hadi mezani kwangu? Alilitumikia wazo hilo maisha yake yote, na mwaka 1885 ikaanzishwa Berlin taasisi ya serikali ya Prussia ya kupima majengo kwa picha, yeye akiwa kiongozi wake. Nilipomsoma mara ya kwanza nilihisi nimekutana na mtu wa ukoo wangu. Na ndiyo maana kuitwa mpinzani wa upimaji kwa picha kuliniuma kuliko kuitwa mjinga.

Nikirudi kwenye maandishi ya mwaka ule wa kwanza, naona kwamba sehemu ya kisa ilikuwa ndani ya neno "kupima" lenyewe. Neno hili tunalibebesha mzigo mkubwa. Fundi hupima ukuta kwa futikamba na hunyoosha kwa pima maji, daktari hupima damu, mtu hupima maneno kabla ya kuyasema. Mzee aliposema "nimepima mnara" alimaanisha kwamba ameweka rula juu ya picha, na hilo ni kweli, aliweka, na vipimo vyake vya rula vilikuwa safi kabisa. Niliposema hukupima, alisikia namwita mwongo. Mimi nilimaanisha kwamba alipima picha lakini mnara aliukadiria. Na wale wa "picha hudanganya" walidhani wote wawili tunakisia. Kupima, kukadiria na kukisia ni maneno matatu yenye umbali mkubwa kati yake, na sisi tuliyatumia kama kikombe kimoja kinachopokezanwa. Laiti ningeuliza mapema, "Mzee, ukisema kupima unamaanisha kupima nini, karatasi au jengo?", huenda mwaka mzima ungeokolewa.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyenitajia, nililigundua mwenyewe. Nilimkosoa mtu mzima mbele ya watu 14, na barua yangu haikuwa na shikamoo wala habari za leo. Ilianza na "huwezi". Sasa nikiisoma naisikia kama alivyoisikia yeye.

Mwaka wa pili nilijaribu njia tofauti. Badala ya kusema kipi hakiwezekani, nilileta kipimo changu. Nitakieleza hapa kwa kirefu kwa sababu ni kizuri, na kwa sababu kinaweza kufanywa na yeyote mwenye rula na subira.

Ukipiga picha kwenye uwanja tambarare huku kamera ikiwa imenyooka, mstari wa upeo wa macho hupita kwenye kila kitu kwa kimo kilekile: kimo cha lenzi. Kama lenzi iko mita 1.5 kutoka ardhini, basi upeo utamkata mtu aliye karibu kwenye mita 1.5 ya mwili wake, na utaukata mnara ulio mbali kwenye mita 1.5 ya ukuta wake. Umbali haujalishi. Aina ya lenzi haijalishi, alimradi haipindishi mistari iliyonyooka. Kwa hiyo ukiujua mstari wa upeo, huhitaji kujua mtu alisimama wapi. Unapima kwenye picha kutoka kitako cha mnara hadi upeo, kisha kutoka kitako hadi kilele, unaangalia cha pili kina cha kwanza mara ngapi, na unazidisha kwa kimo cha kamera.

Upeo wenyewe hauonekani, umezibwa na majengo. Hapa ndipo ule ukuta wa matofali wa kushoto unapoingia. Safu za matofali zilizo juu kuliko lenzi huonekana zikishuka kadiri ukuta unavyokwenda mbali. Zilizo chini ya lenzi huonekana zikipanda. Katikati yake kuna safu moja inayobaki mlalo, haishuki wala haipandi, na hiyo ndiyo iliyo sawa na jicho la kamera. Niliitafuta kwa kioo cha kukuzia usiku tatu mfululizo. Nilipoiona nilipiga makofi peke yangu chumbani.

Nilihakikisha pia kwamba kamera haikuinuliwa uso juu: kingo mbili za mnara pichani zinakwenda sambamba, hazisogeleani kileleni. Wapiga picha wa majengo wa zamani walijua kuipandisha lenzi peke yake huku kamera ikibaki wima, na huyu alikuwa mmoja wao. Upeo ulipita kwenye kidevu cha yule mwanamume, na hilo linaafikiana na kamera ya stendi yenye lenzi karibu mita 1.5 kutoka ardhini, kama mtu yule alikuwa na mita 1.7. Kutoka kitako cha mnara hadi upeo nilipata milimita 5. Kutoka kitako hadi kilele, milimita 90. Ni mara 18. Mara 18 ya mita 1.5 ni mita 27.

Sikuishia hapo, na hapo ndipo nilipoharibu tena, ingawa safari hii sijuti. Milimita 5 ni kipimo kidogo mno kukitegemea kwa macho yaliyofungwa. Kitako cha mnara kina nyasi, na ukungu wa picha unakula nusu milimita kwa urahisi. Kama ni 5.5, mnara unashuka hadi mita 24.5. Kama ni 4.5, unapanda hadi mita 30. Na kimo cha kamera nacho nilikikadiria. Kwa hiyo niliandika kwa uaminifu: mnara ulikuwa kati ya mita 24.5 na 30, na ukinilazimisha nitaje namba moja nitasema 27.

"Kumbe hata yeye hajui," akajibu mmoja. Mwingine akauliza imekuwaje nikatoka 30 nikaja 27, na kesho nitakuwa wapi. Kwao, mtu anayetaja namba moja anajua, na anayetaja namba mbili anasitasita. Kwangu mimi ni kinyume: zile namba mbili ndizo kipimo, na 27 ni njia ya mkato kwa asiye na nafasi ya kusikiliza. Mita 24 ya Mzee nayo ilikuwa na namba zake mbili, ila hazikuandikwa. Kama mtu yule alikuwa na mita 1.6 au 1.8, mnara wa Mzee unatembea kutoka mita 22.4 hadi 25.2, na hapo hatujagusa suala la wapi alisimama. Nilijaribu kulieleza hili mara nyingi, kwa namna nyingi, na halikuingia.

Lililoingia, angalau kwa baadhi yetu, lilitoka uwanjani. Tarehe 1 Desemba 2022, kwenye Kombe la Dunia kule Qatar, Japani iliifunga Hispania 2–1, na bao la ushindi lilitokana na mpira ambao Mitoma aliuokoa kwenye mstari wa mwisho na kuurudisha kwa Tanaka. Picha zilizosambaa usiku ule zilionyesha wazi majani ya kijani kati ya mpira na mstari. Dunia nzima ilisema mpira ulitoka. Waamuzi wa video walisema haukutoka, na bao hilo ndilo lililoinyima Ujerumani nafasi ya kuendelea. Baadaye picha ya kutoka juu ilionyesha ukingo wa mpira ukiwa bado umening'inia juu ya mstari.

Niliandika kwa wenzangu usiku huohuo. Mpira wa miguu una mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, kwa hiyo kipenyo chake ni karibu sentimita 22. Sehemu inayogusa ardhi iko katikati, na tumbo la mpira linatokeza sentimita 11 kila upande. Sheria inataka mpira wote uwe umevuka mstari, ardhini au hewani. Mtu aliyesimama pembeni anaona mpira unapogusa nyasi na kuona kijani katikati, na macho yake hayajamdanganya, kijani kipo. Alichokikosa ni kwamba tumbo la mpira na mstari haviko kwenye kimo kimoja, na kutoka alipo hawezi kuvilinganisha. Yule mwanamume mwenye kofia na mnara wake ni kisa hichohicho: vitu viwili vyenye umbali tofauti vilivyowekewa rula moja.

Siku iliyofuata watu watatu waliniandikia. Mmoja alisema, "Sasa nimekuelewa ulichokuwa unasema miaka yote hii kuhusu nyayo." Nilisoma ujumbe ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Na nilitumia nafasi ile kufanya nilichopaswa kufanya zamani: niliwaandikia wale wa "picha hudanganya", nikawaambia waziwazi kwamba siko nao, kwamba ni picha iliyowaokoa Wajapani usiku ule, iliyopigwa kutoka mahali panapofaa. Wawili walikasirika. Nilivumilia.

Jibu la mnara lilikuja mwaka jana. Mwenzetu mmoja alipata picha ya pili, iliyopigwa kutoka mbali zaidi, ambamo uso wa mnara na ubavu wa jengo jirani viko kwenye mstari mmoja kabisa, hakuna kilicho mbele ya kingine. Na jengo lile jirani bado limesimama. Alikwenda na futikamba, akapima kutoka kizingiti cha dirisha la chini hadi cha dirisha la juu, na kwa kipimo hicho cha kweli mnara ukahesabika bila kumtegemea mtu wala kamera. Ulitoka mita 26.5, na kosa linaloweza kuwemo ni kama nusu mita kila upande.

Nilifurahi kwa dakika chache. Kisha zikaanza kuja jumbe: 26.5 iko karibu zaidi na 24 kuliko na 30. Ni kweli, tofauti ni 2.5 upande mmoja na 3.5 upande mwingine. Kwa hiyo Mzee ameshinda, na yule wa mita 30 ameshindwa. Hakuna aliyekumbuka 27. Sikujibu, na safari hii kunyamaza hakukunisumbua, kwa sababu hapakuwa na mtu niliyemwacha aamini jambo kwa niaba yangu.

Wiki mbili baadaye nilipata ujumbe wa faragha kutoka kwa Mzee mwenyewe. Hakutaja ushindi. Aliniuliza, "Kijana, ile safu ya matofali uliyosema inabaki mlalo, wewe uliiona ya ngapi kutoka chini?"

"Shikamoo Mzee," nikaandika. "Ya 20."

Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu akaandika: "Marahaba. Mimi naona ni ya 19. Hebu itazame tena ile ya chini kabisa, pale kwenye nyasi."

Nilitoa picha bahashani, nikachukua kioo cha kukuzia, nikaanza kuhesabu upya.